Mgongo wa Baba Mkwe

Kwa miaka zaidi ya thelathini niliwafundisha watoto wa watu kwamba sinema ile ni mbovu, na nilifundisha kwa raha. Mwalimu wa fasihi hana vitu vingi vya kujivunia. Mshahara wake unajulikana, viatu vyake vinajulikana, lakini akipata kazi moja ya sanaa ya kuiponda mbele ya darasa, na akajua kuiponda vizuri, huyo ana utajiri wake. Utajiri wangu ulikuwa sinema ile, na hasa dakika zake mbili au tatu za katikati.

Sinema ilitokana na riwaya ambayo nimeisoma mara nyingi hata jalada la nakala yangu nimelishona kwa uzi wa gunia. Ni riwaya ya wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya Wajerumani wakati wa vita vyao na Waingereza. Kuna mpagazi mmoja anaangusha sanduku la risasi mtoni. Anapelekwa bomani, anafungwa kwenye nguzo, anachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Mtunzi anatumia kurasa tatu nzima hapo. Anakueleza nzi, kivuli cha bendera, jasho la mchapaji, kuku aliyepita uwanjani akidonoa. Mpagazi mwenyewe hasemi hata neno moja, na ndipo ilipo nguvu ya riwaya. Kila mwaka nilitunga swali, “Kimya cha mpagazi ni silaha. Thibitisha,” na kila mwaka walithibitisha.

Kwenye sinema, mpagazi anaita ng'ombe. Amefungwa pale pale, anachapwa pale pale, lakini badala ya kunyamaza anapaza sauti na kuita ng'ombe kwa Kikurya, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi jioni. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Mashine ya sinema iliwekwa kwenye bwalo la chakula, jenereta likinguruma dirishani, na mpagazi alipoanza kuita tu, bwalo zima lililipuka kwa kicheko. Kijana wa Tarime aliyekaa karibu nami alicheka mpaka akaanguka kwenye benchi. Nilimwambia kwa ukali kwamba anacheka upuuzi, kisha nami nikacheka. Kijana huyo ndiye aliyekuja kunioa.

Kicheko kilipoisha hasira ilinishika, na hasira ya msomaji wa miaka ishirini na mmoja si ndogo. Niliona tumeibiwa. Mtunzi alitupa kimya, hawa wametupa kichekesho. Nilipoajiriwa niliandika notisi zangu za riwaya ile, na ukurasa wa nne nikaweka maneno haya: “Hapa watengenezaji wa sinema wamemgeuza shujaa kuwa kituko. Mwigizaji hakuelewa uzito wa alichopewa.” Notisi zikapigwa stensili, zikadurufiwa, zikasambaa. Walimu wa shule nyingine za Tarime wakazichukua, na zikafika hadi Mugumu. Nimewahi kukutana na muuguzi, mtu mzima mwenye watoto, akanisomea ukurasa wa nne kwa kichwa huku ananidunga sindano. Nilijisikia mkubwa sana siku hiyo.

Sasa nimestaafu. Nakaa Turwa, pembeni kabisa mwa mji, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu, chenye migomba, maharage na mbwa asiyebweka. Wakwe zangu wote wawili wako hai na nakaa nao. Baba mkwe alipoanza kupoteza macho tuliwatoa kijijini, tukawajengea nyumba ndogo ndani ya uwanja huu huu, yenye mlango wake unaotazama upande mwingine. Mlango huo haukutazamishwa upande mwingine kwa bahati. Kwa desturi ya Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe wana soni kati yao, yaani aibu ya heshima. Hatushikani mikono, hatuli meza moja, mwili wake sitakiwi kuuona, haingii nyumbani kwangu kupita kizingiti. Asubuhi nasimama mbali kidogo nasema shikamoo baba, naye anasema marahaba mwalimu, na mara nyingi mazungumzo yetu ya siku nzima huwa ndiyo hayo. Mimi ni mzaliwa wa Ikoma, na mwanzoni desturi hiyo iliniudhi. Baadaye niligundua kwamba katika nyumba ile yote hakuna mtu aliyeniheshimu kuliko yeye.

Mwaka jana, baada ya mvua za masika, alikuja mkuu wa shule yangu ya zamani. Ni mwanafunzi wangu wa kale, sasa ana kitambi na funguo nyingi. Alileta sukari kilo mbili na flashi aliyonunua Sirari. Akasema shule imepata projekta, na ile sinema imepatikana, kuna mtu ameiweka kwenye mtandao, na yeye angependa kidato cha nne waione kabla ya mtihani. Lakini alikumbuka ukurasa wa nne. Akaniomba niiangalie upya, nimwandikie kwa barua kama inafaa ama haifai, naye atafuata nitakachosema. Walimu wengine walikuwa wanabishana, alisema, na neno langu lingewanyamazisha.

Jibu nilikuwa nalo tayari kichwani. Ila nilijifanya mtu wa haki. Nikamwambia hakimu hatoi hukumu kwa kesi aliyoisikia ujanani, anipe wiki moja. Nilitaka tu kuiponda kwa mara nyingine, safari hii kwa barua rasmi.

Kesho yake mchana niliweka kompyuta ya binti yangu mezani sebuleni, nikashika daftari na kalamu nyekundu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango anapepeta ulezi. Yeye huja kukaa kwangu kila siku, kwa sababu kule kwake, anasema, mzee anasikiliza redio kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Nilimuuliza kama sinema itamsumbua. Akasema amekula chumvi nyingi, sinema haiwezi kumfanya kitu.

Nilianza kuandika makosa, na yalikuwapo. Mjerumani mmoja alikuwa na alama nyeupe ya saa mkononi. Kwenye njia ya msafara kulikuwa na alama za matairi. Mizigo ilikuwa myepesi, ilionekana wazi, mtu aliyebeba kilo thelathini hageuzi shingo hivyo. Lakini ilinibidi niandike na mengine pia. Vilima vilikuwa vyenyewe, vya kwetu Ikoma, na kuta za boma zilikuwa zile zile tulizopandia utotoni tukitafuta mayai ya ndege. Kuna mahali wapagazi wanatembea tu, kwa muda mrefu, bila muziki wala maneno, unasikia nyayo na kikohozi cha mtu mmoja. Sehemu hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, na ilikuwa nzuri kuliko riwaya. Niliandika hivyo, kwa shingo upande, nikapigia mstari.

Wapagazi wakateremka mtoni. Ungo wa mama mkwe ukanyamaza. Niligeuka nikamwona amenyoosha shingo.

“Yule wa tatu,” alisema.

Nikamwambia ndiyo, huyo ndiye atakayeangusha sanduku. Uso wake hauonekani vizuri, umefunikwa na mzigo, na hata baadaye kamera inamtazama kwa nyuma.

“Zima,” alisema mama. “Huyo ni mkwe wako. Zima kabla hawajamvua.”

Nilizima. Nilifunga kompyuta kwa kiganja kama mtu anayeua nzi, na tulikaa hivyo, mimi na mkono juu ya kompyuta, yeye na ungo wa ulezi magotini. Nilimuuliza ana hakika gani, miaka yote hiyo, picha yenyewe haina rangi na uso umefichwa. Akanitazama kwa huruma aliyoiweka kwa ajili ya wasomi. Akaniuliza kama mimi ningeusahau mwendo wa mume wangu.

Kisha akanieleza, na mengi alieleza kwa Kikurya kwa sababu Kiswahili kilimwisha. Baba mkwe alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, kibarua wa ujenzi wa barabara upande wa Ikoma. Watu wa sinema walikuja na magari wakitafuta wanaume wenye migongo mizuri. Mzee alichaguliwa. Aliporudi nyumbani na blanketi jipya alimsimulia mke wake peke yake, akamwambia watoto wasijue kamwe. Baba hawezi kumwambia mwanawe kwamba alivuliwa nguo mbele za watu, hata kama ni mchezo.

Alimwambia pia jambo jingine. Baba yake mwenyewe, yaani babu wa mume wangu, aliwahi kuchukuliwa upagazi kweli, akachapwa kweli, katika boma lile lile. Kijana aliyepita jandoni halii, hilo kila mtu anajua. Lakini viboko ni ishirini na tano. Basi yule babu, kiboko cha kwanza kilipotua, alifumba macho akajiweka nyumbani mlangoni mwa zizi, jioni, akaanza kuita ng'ombe waingie. Kiboko kimoja, ng'ombe mmoja, kwa mpangilio ule ule waliouzoea. Hivyo hakuwepo pale uwanjani. Alikuwa na kazi ya kufanya, na hakuna aliyewahi kusema mwanaume akichapwa haruhusiwi kuita ng'ombe wake.

Mzee alikua akiisikia habari hiyo. Siku ya kupiga picha aliambiwa na mkalimani anyamaze tu, kama kitabu kinavyosema. Kiboko chenyewe kilikuwa kamba ya katani, hakikuuma. Lakini alipofungwa kwenye nguzo, mbele ya kuta zile zile alikofungiwa baba yake, na kamba ikagusa mgongo, mdomo ulifunguka wenyewe. Wenzake vibarua walikufa kwa kicheko. Mkubwa wa sinema hakuelewa neno hata moja, akapenda sauti, akaiacha. Mzee alirudi nyumbani akiamini ameitoa siri ya baba yake hadharani ikachekwa. Anaamini hivyo mpaka leo, alisema mama, na nilipokuja mimi mwalimu ndio nikamthibitishia.

Nilielewa kabla hajamaliza. Shemeji yangu mdogo alisoma kwa notisi zangu. Alikuwa akizisoma kwa sauti uani kijijini, akitembea huku na huku kama wanavyofanya wakikariri, na baba yake amekaa kwenye kigoda chake akichonga mpini wa jembe. Mwigizaji hakuelewa uzito wa alichopewa. Nilimwona mzee miaka ile, akichonga, na sikuona kitu.

Na mume wangu je? Mume wangu alikuwa na mchezo mmoja wa kunichekesha nikichoka kusahihisha madaftari. Alikuwa anasimama katikati ya uwanja, anashika nguzo ya kichanja cha vyombo, anaita ng'ombe kwa sauti ya yule mpagazi. Watoto walikuwa wanajiviringisha kwa kucheka. Alifanya hivyo hata kijijini tulipokwenda likizo, mbele ya nyumba ya baba yake. Alikufa miaka sita iliyopita bila kujua alikuwa anamwigiza nani. Nilimuuliza mama kwa nini hakumzuia, na najua niliuliza kwa hasira, maana nilihitaji mtu mwingine awe na kosa.

“Ningemzuiaje?” alisema. “Ningemwambia mwanangu, huo ni mgongo wa baba yako? Yeye aliujulia wapi?”

Nililala chali mchana ule nikilitafakari jibu hilo. Mtu anaweza kushangaa, mtoto amemtazama baba yake kwenye sinema asimtambue, akamcheka. Lakini mtoto wa Kikurya aliyelelewa vizuri anajua uso wa baba yake, kikohozi chake, hatua zake gizani, na hajui mgongo wake. Hajawahi kuuona, na sauti ile aliisikia katikati ya jenereta na kicheko. Heshima ile ile iliyomfundisha kutomtazama baba yake akioga ndiyo iliyomfanya amcheke mbele ya watu mia mbili. Sina wa kumlaumu hapo. Mume wangu alikuwa mtoto mwenye adabu, na mimi nilikuwa mwalimu mwenye kalamu.

Lakini barua ya mkuu wa shule ilikuwa bado. Nilikuwa nimejiita hakimu, na sasa ushahidi mkuu wa kesi ulikuwa mahali nisiporuhusiwa kutazama. Kusema kweli ningeweza. Binti yangu aliponipigia simu aliniambia hivyo hivyo: mama, funga mlango, angalia peke yako, nani atajua, na hata hivyo ulishamwona zamani chuoni. Hilo la chuoni nilimpelekea mama mkwe kwa wasiwasi mkubwa, kama nimetenda kosa kabla ya kuolewa. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema wakati ule ng'ombe wa mahari walikuwa hawajaondoka hata zizini, mimi nilikuwa mgeni tu, na jicho la mgeni halina soni. Sasa ni habari nyingine.

Nilijaribu hata hivyo. Asubuhi moja nilifunga mlango, nikafungua kompyuta, nikaifikisha sinema mtoni, kidole kikiwa juu ya kitufe. Sikuweza. Sikuogopa laana, mimi ni mtu wa kanisani na nimesoma. Nilifikiri tu kwamba yule mzee nimemnyang'anya kila kitu kingine kwenye jambo hili, kimebaki hiki kimoja ambacho naweza kumpa bado, kutomtazama. Nikafunga, nikaenda kupalilia maharage yasiyohitaji kupaliliwa.

Nilimwambia mama mkwe kwamba nitamwandikia mkuu wa shule nimeshindwa, atafute mwingine. Sijui usiku alimwambia nini mzee, ila asubuhi alikuja na ujumbe. Mzee amesema yeye mwenyewe hajawahi kuiona sinema hiyo, na sasa hana macho ya kuionea. Lakini ana masikio, na mwalimu naye ana masikio. Isikilizwe.

Tuliifanya Jumapili baada ya ibada. Niliazima spika ya kwaya, nikaiweka dirishani, nikafungua dirisha lote. Mama mkwe alikaa mbele ya kompyuta, yeye ndiye mwenye haki ya kutazama. Mimi nilikaa kwenye kiti nikiwa nimeipa kompyuta mgongo, uso wangu ukiangalia kalenda ya kanisa ukutani. Mzee alishikwa mkono na mke wake akaletwa mpaka nje ya dirisha, akawekewa kigoda chake. Alivaa koti. Jua lilikuwa kali lakini alivaa koti na kulifunga vifungo vyote, kama mtu aliyeitwa barazani.

Tulianza mtoni. Nilisikia maji, nikasikia sanduku likianguka, nikasikia makelele ya Mjerumani kwa Kiswahili chake kibovu. Nikasikia mama mkwe akisema kwa sauti ndogo, wanampeleka. Halafu kiboko cha kwanza.

Ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza sinema niliyoifundisha maisha yangu yote. Hapakuwa na jenereta wala bwalo. Sauti ilikuwa ya kijana, nzito, na haikuwa na maumivu wala kichekesho. Ilikuwa na subira. Aliita ng'ombe mwenye baka jeupe usoni, akangoja kidogo apite, kiboko kikatua. Akaita aliyevunjika pembe. Akaita yule aliyekuja na mahari ya shangazi, na huyu alimwita mara mbili, maana inaonekana alikuwa mkaidi. Majina yenyewe siyaandiki, ni ng'ombe wa watu. Mchapaji alikuwa akiharakisha na yeye hakuharakishwa. Nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu, sijui kwa nini niliibeba.

Alipofika ng'ombe wa tisa, sinema ilikata. Tarumbeta ikalia, farasi wakapita, tukawa mahali pengine kabisa. Nilijua inakata, nilikuwa nimesahau kwamba ni mapema hivyo. Nikainua mkono kumwonyesha mama asimamishe.

Sauti haikukoma. Ilikuwa inatoka dirishani, nje, imezeeka na imekauka, ikamwita ng'ombe wa kumi. Mama akasimamisha sinema. Mzee akaita wa kumi na moja. Alikuwa anawaita kwa mwendo ule ule, akiacha nafasi ya kiboko kati ya mmoja na mwingine, na katika nafasi hizo nilisikia kuku wa jirani na pikipiki barabarani. Alifika wa kumi na nane, akanyamaza. Nikadhani amechoka.

“Ng'ombe walikuwa kumi na nane tu,” mama alininong'oneza. “Sasa ni mbuzi.”

Akaita mbuzi, sita. Kikabaki kiboko kimoja. Akashusha pumzi, kisha akapiga mluzi mfupi, akamwita mbwa. Kiboko cha ishirini na tano babu yetu alikipokea akiita mbwa. Nilicheka na machozi yalikuwa tayari yanashuka, na nikasikia kule nje naye anacheka kidogo kifuani. Kisha akasema kwa Kikurya, kama kwa mtu aliyesimama karibu yake, fungeni zizi. Mama mkwe akafunga kompyuta.

Halafu mzee aliniita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa swali la maana katika miaka yote ya ndoa yangu.

“Mwalimu. Niliharibu kitabu?”

“Hapana, baba,” nilisema huku nikiitazama kalenda ya ukutani. “Kitabu nilikiharibu mimi. Mwandishi hakuwa na ng'ombe, ndiyo maana alimnyamazisha mpagazi. Wewe ulimpa.”

Niliongeza kwamba naomba msamaha kwa ukurasa wa nne, na kwa kelele za uani za miaka yote ile, zangu na za mwanawe. Alisema mwanawe hakuwa na kosa. Kuhusu mimi hakusema nina kosa au sina, na nilimheshimu kwa hilo. Aliuliza kama watoto wa shule watacheka wakiiona. Nikamwambia ukweli, watacheka.

“Waache wacheke kwanza,” alisema. “Hata mimi, baba aliponisimulia mara ya kwanza, alipofika kwa mbwa nilicheka. Naye alicheka. Halafu ndipo nikaona.”

Mama akamshika mkono wakaenda zao kula, na yeye huko njiani nikamsikia anamwambia mke wake kwamba spika ya kwaya ni nzuri.

Barua niliandika siku hiyo hiyo. Nilimwambia mkuu wa shule kwamba sinema ina makosa, nikayaorodhesha, saa na matairi na mizigo myepesi, kwa sababu makosa ni makosa. Nikamwambia ionyeshwe. Nikamwambia ukurasa wa nne wa notisi zangu usifundishwe tena, na kama hatajali ningependa kuja mwenyewe siku hiyo nizungumze na wanafunzi. Majina ya ng'ombe waliobaki, mbuzi na mbwa, mzee alimtajia mama, mama akanitajia mimi, nikayaandika kwenye karatasi kwa kalamu ya bluu. Aliruhusu yasomwe mara moja, na karatasi irudishwe nyumbani.

Nilienda nimevaa gauni la kitenge na viatu vinavyonibana. Walikuwa wamefunika madirisha ya maabara kwa mablanketi ya bweni. Watoto walikaa watatu watatu kwenye mabenchi, kidato cha nne wote, wanaona sinema isiyo na rangi na wanaivumilia kwa ajili ya mtihani. Wapagazi walipotembea bila maneno walianza kuchoka. Mto ulipofika nikasimama. Mpagazi wa tatu alipofungwa, kabla hawajamvua, niligeuka nikaipa picha mgongo, nikabaki nimewatazama wanafunzi, mwanga wa sinema ukiwachezea usoni.

Ng'ombe wa kwanza akaitwa, na maabara ikalipuka kwa kicheko, kama bwalo letu zamani. Sikuwazuia. Niliwatazama wakicheka, karatasi yangu mkononi, nikisubiri ng'ombe wa tisa ili niendelee mahali sinema itakapokata. Binti mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kitambaa cha ukiranja begani, ndiye aliyeona nilivyosimama. Aliacha kucheka akanyoosha kidole, kwa adabu, kama tunavyowafundisha.

“Mwalimu, mbona wewe umegeuka?”

“Huyo anayechapwa ni baba mkwe wangu,” nilimwambia. “Wewe endelea kutazama, wewe unaruhusiwa.”